Namna ya Kuvieleza Vita vya Sisilia kwa Mkeka, Kete na Nyuzi Mbili

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuwaeleza wengine, wawe wanafunzi wa sekondari au wazee wa barazani, msafara wa kivita ambao Waathene waliupeleka katika kisiwa cha Sisilia mwaka 415 KK, na ambao miaka miwili baadaye ulikuwa umeangamia, meli kwa watu. Nimeueleza mara kadhaa katika ukumbi wa nyumba moja ya Mji wa Kale hapa Mombasa, baada ya sala ya isha, kwa watu wasiozidi ishirini, na njia ninayoipendekeza imetokana na kushindwa kwangu mara ya kwanza. Siku hiyo nilianza na hotuba za wanasiasa wa Athene, na kabla sijafika hata baharini wasikilizaji walikwisha kugawanyika makundi mawili, moja likimtetea Alcibiades, mmoja wa majemadari wa msafara, na jingine likimlaani. Mabishano yaliendelea mpaka dele la kahawa likakauka, na meli zangu zikabaki gatini Piraeus, bandari ya Athene.

Tangu hapo huanza na bandari. Kwa maoni yangu vita hivi viliamuliwa na mambo matatu ambayo mtu anaweza kuyaona kwa macho na kuyagusa kwa kidole: nani ana farasi, nani anawahi kumaliza ukuta, na nani anaushika mlango wa bandari. Hotuba, uaguzi na tabia za majemadari vina nafasi yake, lakini humwingia vizuri zaidi msikilizaji ambaye tayari ameiona bandari yenyewe, na mtu wa Mombasa ana bahati ya kuwa na bandari inayofanana nayo nje ya mlango wake.

Panga vipindi viwili vya saa moja na nusu kila kimoja. Kwa upande wa kusoma, chanzo kikuu ni Thucydides, Mwathene aliyekuwa jemadari katika vita virefu kati ya Athene na Sparta, ambavyo msafara huu ni sehemu yake, na aliyeishi uhamishoni miaka 20 baada ya kushindwa kuuokoa mji wa Amphipolis. Sisilia imo katika vitabu vya sita na saba vya historia yake. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, aliongeza mengi matamu, lakini aliandika baada ya miaka 500 hivi, kwa hiyo unapomtumia sema wazi kwamba unamtumia.

Kutandika ramani

Utahitaji mkeka mkubwa, leso kuukuu, kisahani cha kikombe, kibiriti, kete za bao, konzi ya kokwa za tende, na nyuzi mbili ndefu, mweusi na mwekundu. Kete moja ni meli kumi za vita. Kokwa moja ni farasi mia moja. Uzi mweusi ni ukuta wa Waathene na mwekundu ni ukuta wa watu wa Syracuse, mji wa Sisilia ambao Waathene walikwenda kuuzingira.

Upande wa mashariki wa mkeka uwe bahari ya wazi. Karibu na ukingo huo weka kisahani: hicho ni Ortygia, kisiwa kidogo kilichoshikana na bara kwa njia nyembamba, ambapo mji wa Syracuse ulianzia. Kusini-magharibi ya kisahani acha nafasi pana, nayo ndiyo Bandari Kuu. Ng'ambo ya mlango wa bandari, upande wa kusini, weka kibiriti kiwe rasi ya Plemmyrion. Kisha ikunje leso iwe pembetatu, uikunje tena hadi iinuke kidogo, na uiweke kaskazini-magharibi ya mji, ncha yake ikielekea machweo. Huo ni uwanda wa juu wa Epipolae, ambao kingo zake ni miamba, na ile ncha ni Euryelus, mahali ambapo mtu anaweza kupanda bila shida kubwa. Kati ya leso na maji kuna kinamasi, na mto Anapus unaingia bandarini hapo.

Sasa mwambie msikilizaji asimame kwa mawazo katika bustani ya Mama Ngina, akiangalia Likoni. Alipo yeye ni Ortygia, ng'ambo ni Plemmyrion, mkono wake wa kushoto ni bahari kuu, na mkono wa kulia maji yanaingia ndani kama yanavyoingia Kilindini. Mlango wa Syracuse ulikuwa mpana zaidi: Thucydides anautaja kuwa stadia nane, yaani zaidi ya kilomita moja, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya maji yanayovukwa na feri yetu. Tofauti ya pili ni ndogo kwa maneno lakini ni kubwa kwa matokeo, na mtu wa Pwani ataiulizia mwenyewe: je, bamvua huko ikoje? Mjibu kwamba bahari ya Mediterania haipwi wala haijai kwa kiasi cha kutajika. Amkumbuke yule nahodha wa hapa anayekikalisha chombo chake mchangani, akasubiri maji yapwe, akakipara na kukitia deheni bila kukiburuta. Nahodha wa Kigiriki hakuwa na msaada huo, kwani chombo kilitoka majini kwa mabega ya watu au hakikutoka kabisa. Liache jambo hilo hapo, utalirudia.

Utashawishika kuitaja Fort Jesus, maana ilizingirwa tangu Machi 1696 hadi Disemba 1698 na kila mtu anaijua. Mimi huikwepa. Ukishaitaja Ngomeni, Sisilia haitasikika tena usiku huo.

Vikombe vya Egesta

Sehemu ya siasa ipite kwa haraka, isipokuwa mahali pamoja. Mji wa Egesta, ulio magharibi mwa Sisilia, ulikuwa na ugomvi na jirani yake Selinus, ambaye alisaidiwa na Syracuse. Egesta ikaomba msaada Athene, ikidai kwamba italipa gharama. Waathene walituma wajumbe wakahakikishe kama fedha hizo zipo. Wajumbe walionyeshwa hekalu la Eryx lenye vyombo vingi vya fedha, vyenye kung'aa kuliko thamani yake, kisha wakakaribishwa nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba wakanyweshwa kwa vikombe vya dhahabu na fedha. Vikombe vilikuwa ni vile vile. Vilikusanywa Egesta na miji ya jirani, vikazungushwa kila palipokuwa na karamu.

Usieleze hila hii kwanza. Ifanye. Chukua vikombe viwili vizuri vya kahawa, mnyweshe mgeni mmoja, kisha wapitishe vijana vikombe hivyo nyuma ya migongo ya watu hadi upande wa pili wa ukumbi, anyweshwe tena. Wanawake waliowahi kuazima masinia ya harusi kwa majirani huitambua hila hii kabla ya wanaume. Wajumbe walirudi Athene na talanta 60 za fedha, ambazo ni mshahara wa mwezi mmoja wa meli 60, wakaamini kwamba nyingine zipo. Msafara ulipofika Sisilia zilipatikana talanta 30 tu.

Mkutano wa wananchi wa Athene uliamua kupeleka meli 60 chini ya majemadari watatu, Alcibiades, Nicias na Lamachus. Siku chache baadaye Nicias, ambaye hakuitaka safari, alisimama akajaribu kuwatisha wenzake kwa ukubwa wa gharama: kama ni lazima kwenda, alisema, basi si chini ya meli 100 na askari 5,000 wa silaha nzito. Alitaraji watarudi nyuma. Badala yake walishangilia na kumpa kila alichokitaja, na safari ambayo ingeweza kuharibika kwa hasara ndogo ikawa safari ambayo Athene isingeweza kumudu kuipoteza. Mimi humlaumu Nicias kwa siku hiyo kuliko kwa ile ya kupatwa kwa mwezi ambayo watu wote huikumbuka.

Meli zisizolala baharini

Hapa toa kete. Jeshi lililokusanyika katika kisiwa cha Corcyra lilikuwa na triremi 134, kwa hiyo panga kete 13 na useme kuna meli nne za ziada. Triremi ni chombo chembamba cha vita chenye safu tatu za makasia kila ubavu, wapiga makasia 170, watu 200 kwa jumla, na pembe ya shaba omoni kwa ajili ya kugongea. Pamoja nazo walikuwapo askari 5,100 wa silaha nzito, wapiga upinde 480, watupa kombeo 700 kutoka Rhodes, na mashua 30 za mizigo zilizobeba nafaka, waoka mikate, waashi na maseremala pamoja na zana za kujengea kuta. Zana hizo zitaje kwa sauti, kwa sababu zinaonyesha kwamba ukuta ulikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo.

Kuondoka kwao Piraeus, katikati ya kiangazi cha 415 KK, kunastahili dakika tano. Tarumbeta ilipigwa, watu wote wakanyamaza, dua ikasomwa kwa pamoja katika meli zote, divai ikamiminwa kutoka katika vikombe vya dhahabu na fedha, kisha vyombo vikatoka kwa safu moja na kushindana mbio mpaka kisiwa cha Aegina. Mji mzima ulikuwa pwani ukitazama.

Kisha uliza swali ambalo mabaharia hulijibu haraka: watu 200 katika chombo chembamba namna hiyo, wanapika wapi? Jahazi letu lina tangi la maji na jiko, nalo hukaa baharini wiki nzima bila kugusa nchi. Triremi haikuwa na nafasi hiyo, hivyo usiku ilibidi watu washuke, wanywe, wapike na walale pwani. Ndiyo maana ilikuwa msiba wa kweli miji ya Italia ilipowafungia milango, na Tarentum na Locri zikawanyima hata maji na mahali pa kutia nanga. Rhegium iliwaruhusu kununua chakula nje ya ukuta tu. Sogeza kete polepole kwenye ukingo wa mkeka, na kila mji unapokataa, simama.

Mkutano wa majemadari eleza kwa sentensi tatu. Nicias alitaka kumaliza ugomvi wa Selinus, kuonyesha nguvu pwani nzima na kurudi nyumbani. Alcibiades alitaka kwanza kuivuta miji mingine ya kisiwa kwa mazungumzo. Lamachus alitaka kuishambulia Syracuse siku hiyo hiyo, ikiwa bado haijajiandaa, na mimi naamini ndiye aliyekuwa na haki. Walifuata shauri la Alcibiades, naye muda si muda akaitwa nyumbani ajibu mashtaka ya kuzikufuru ibada za siri, akatoroka njiani, na mwishowe akajitokeza Sparta kuwashauri maadui wa mji wake.

Kuna atakayesema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Mwache aseme, kisha mwombe aitunze methali yake hadi Lamachus atakapokufa, aone kama chombo kilinyooka kilipobaki na nahodha mmoja.

Kokwa moja iliyokatwa

Msafara mzima ulikwenda na farasi 30, katika meli moja. Katika hesabu yetu hiyo haifiki kokwa moja, kwa hiyo mimi huikata kokwa kwa kisu na kuweka kipande. Upande wa Syracuse weka kokwa kumi na mbili, maana walikuwa na wapanda farasi 1,200. Mzee mmoja alipoona hivyo aliniambia, "Mwalimu, hawa walikwenda kupigana au kutembea?" Sikuwa na la kumjibu.

Mwishoni mwa mwaka huo Waathene waliwahadaa watu wa Syracuse watoke na jeshi lao kwenda Catana, mji ambapo Waathene walikuwa wamepiga kambi, nao usiku wakaingia na meli Bandari Kuu na kushuka karibu na hekalu la Olympieion. Vita vilipopigwa wakashinda. Hata hivyo hawakuweza kuwafukuza walioshindwa, kwa sababu farasi waliwakinga, na hawakuweza kukaa hapo msimu wa baridi bila farasi wa kulinda watu wanaotafuta kuni, maji na chakula. Wakapanda meli wakarudi Catana. Majira ya kuchipua ya 414 KK Athene ilileta wapanda farasi 250 waliokuja bila farasi, na kwa msaada wa Egesta na makabila ya wenyeji wakafika 650. Ongeza kokwa sita na kipande. Miezi ilikuwa imekwisha kupotea.

Mbio za nyuzi

Sehemu hii ndiyo moyo wa kipindi cha kwanza, nayo isikimbizwe. Waite watu wawili mkekani, mmoja apewe uzi mweusi na mwingine mwekundu. Mweleze mwenye mweusi kwamba Waathene walitua kaskazini, wakakimbia hadi Euryelus na kuipanda Epipolae kabla ya wenye mji kupanga ulinzi, na kwamba katikati ya uwanda walijenga ngome iliyoitwa Duara. Kutoka kwenye Duara ukuta ulipaswa kwenda pande mbili: kaskazini hadi baharini na kusini hadi Bandari Kuu. Ukikamilika pande zote, mji umekatwa na bara, na meli zikiwa bandarini umekatwa na bahari pia.

Mwenye uzi mwekundu kazi yake ni kukatiza: atoe ukuta mjini na kuuvusha mbele ya ule mweusi kabla haujapita. Mara ya kwanza watu wa Syracuse walijenga ukuta wa kukatiza kusini mwa Duara, Waathene wakauteka mchana, walinzi wengine wakiwa wamejipumzisha kwa joto. Mara ya pili wakachimba na kujenga katikati ya kinamasi, Waathene wakavuka tope juu ya mbao na milango waliyoitandika chini, wakauvunja tena. Katika vita hivyo vya kinamasi Lamachus aliuawa. Mgeukie mwenye methali. Aliyebaki sasa ni Nicias peke yake, mgonjwa wa figo, katika vita ambavyo tangu mwanzo hakuvitaka.

Hata hivyo uzi mweusi ulikuwa unashinda. Kusini ulikuwa maradufu na ulikaribia maji, umebaki kipande kifupi tu. Kaskazini mawe yalikwisha kupangwa sehemu kubwa ya njia, na mahali pengine ukuta ulikuwa nusu. Mjini watu walianza kuzungumzia kusalimu amri, na mkutano wa kujadili jambo hilo ulikuwa unakaribia ndipo meli moja ya Korintho, mji rafiki wa Syracuse, ikaingia na nahodha wake, Gongylus, akawaambia kwamba msaada uko njiani. Gylippus, jemadari wa Sparta, alikuwa ameshuka Himera upande wa kaskazini wa kisiwa, akakusanya watu wapatao 3,000 na kuja kwa miguu. Nicias alikuwa amesikia habari za kuja kwake na akazidharau kwa sababu meli zilikuwa chache. Gylippus alipanda kwa Euryelus, njia ile ile waliyoipanda Waathene, nayo haikuwa na mlinzi.

Hapa mwambie mwenye uzi mwekundu auvute kaskazini mwa Duara, haraka, hata kwa kutumia mawe yaliyopangwa na adui, maana hivyo ndivyo walivyofanya. Usiku mmoja uzi mwekundu unapita mbele ya mweusi. Pima kwa vidole pengo lililobaki kaskazini, acha nyuzi zilivyo, na ufunge kipindi. Usizikunje hata kama mwenye nyumba anataka kufagia. Watu wakirudi siku ya pili wakazikuta pale pale, wataanza kubishana kabla hujakaa.

Mbao zilizoshiba maji

Kipindi cha pili kianze na barua. Mwishoni mwa 414 KK Nicias aliandika Athene, akihofia kwamba mjumbe wa mdomo atasahau au atapamba maneno, akasema kwamba wao waliokuja kuzingira sasa ndio waliozingirwa upande wa nchi kavu. Meli zimekaa majini muda mrefu hadi mbao zimeshiba maji, na haziwezi kuvutwa pwani zikauke, kwa kuwa adui yuko tayari kushambulia wakati wowote. Wapiga makasia wanauawa na wapanda farasi wanapokwenda kutafuta kuni na maji, watumwa wanatoroka, na wageni walioajiriwa wanaondoka.

Kwangu mimi hii ndiyo aya muhimu kuliko zote katika vita hivi, na niliielewa kwa msaada wa fundi mmoja wa majahazi ambaye siku moja alikaa nyuma ya ukumbi. Alisema kwamba chombo kilicholowa kinalala chini zaidi majini, makasia yanakuwa mazito, mbao zinavimba na kalafati inaanza kusukumwa nje, na ukikigonga chombo kizima kwa chombo kama hicho, anayeumia ni wewe uliyegonga. Kisha akachukua vipande viwili vya ubao, kimoja kikavu na kimoja kilicholala ndani ya ndoo tangu asubuhi, akawapa watu wavipime mkononi. Tangu siku hiyo huwa na ndoo. Waunganishie na lile la maji yasiyopwa: tofauti na nahodha wetu, Nicias hakuwa na saa sita za kupumzika ambazo bahari inampa mtu bure.

Alichoomba ni mojawapo ya mawili: kuitwa nyumbani, au kuletewa jeshi jingine kubwa kama la kwanza. Aliomba pia abadilishwe kwa sababu ya ugonjwa. Athene ilikataa kumbadilisha ikaleta jeshi. Wakati huo huo, majira ya kuchipua ya 413 KK, Wasparta walijenga ngome Decelea, yapata kilomita 22 kutoka Athene kwenyewe, na watumwa zaidi ya 20,000 wakatoroka. Kwa hiyo meli zilitumwa mbali huku adui akiwa ameketi uwanjani nyumbani.

Bandari inapogeuka kuwa dimbwi

Nicias alikuwa amehamishia ghala na meli zake Plemmyrion, pale kwenye kibiriti. Gylippus aliziteka ngome zake alfajiri moja, wakati Waathene walikuwa pwani wakitazama vita vya baharini ambavyo, kwa kejeli ya mambo, meli zao zilivishinda. Kihamishe kibiriti upande wa wekundu. Tangu hapo kila shehena ya chakula iliingia kwa kupigana.

Ustadi wa Waathene ulikuwa wa nafasi: kuzunguka, kugeuka, kumgonga adui ubavuni. Ndani ya bandari nafasi hiyo haikuwepo. Watu wa Syracuse walizifupisha omo za meli zao na kuzitia mbao nene, wakagongana uso kwa uso. Siku moja, kwa shauri la Ariston wa Korintho, waliamuru wauza vyakula walete soko lote ufukweni, mabaharia wakashuka, wakala palepale na kurudi majini. Waathene walidhani vita vya siku hiyo vimekwisha, wakashuka kufanya shughuli zao, wengi bila kula, na ghafla wakawaona maadui wanawajia. Hila hii hupendwa na wasikilizaji wetu kuliko zote, pengine kwa sababu kila mmoja amewahi kuwahiwa kazini akiwa na njaa.

Demosthenes na Eurymedon, majemadari wa lile jeshi jipya la Athene, wakaingia na meli 73 na askari karibu 5,000. Ongeza kete saba. Demosthenes aliutazama ule uzi mwekundu akaona kwamba lazima upasuliwe, na akaipanda Epipolae usiku kupitia Euryelus. Mwanzoni alishinda, kisha safu zikachanganyika chini ya mbalamwezi, ambayo humwonyesha mtu umbo lakini haimwonyeshi ni nani. Neno la siri liliulizwa mara nyingi hata adui akalijua. Washirika wa Athene wenye asili ya Kidori, yaani kabila moja la Kigiriki na watu wa Syracuse, waliimba wimbo wa vita ule ule wa adui, wenzao wakadhani wamezungukwa. Wengi waliruka miambani. Zima taa, gawanya watu makundi matatu, na uyape makundi mawili yenye uadui kibwagizo kimoja. Nusu dakika inatosha.

Demosthenes akataka waondoke mara moja. Nicias alikataa, akisema anawajua Waathene, na kwamba afadhali auawe na adui kuliko na mkutano wa wananchi wenzake. Alipokubali hatimaye, na kila kitu kikiwa tayari, mwezi ukapatwa usiku wa tarehe 27 Agosti 413 KK. Waaguzi wakasema wangoje siku tisa mara tatu. Wasikilizaji watacheka, nawe usiwaruhusu wacheke sana: askari wengi wenyewe ndio waliotaka kungoja, na hapa kwetu mwezi ukipatwa watu wanakwenda kuswali, ingawa hakuna anayeahirisha safari ya Malindi kwa siku 27.

Katika siku hizo za kungoja Eurymedon aliuawa, na adui akaufunga mlango wa bandari kwa meli na mashua zilizotiwa nanga ubavu kwa ubavu na kufungwa kwa minyororo. Panga vibiriti, vifuniko, chochote ulicho nacho, kutoka kwenye kisahani hadi Plemmyrion. Waathene walijaza watu katika meli 110, upande wa pili haukufika 80, na zote zikaingia katika nafasi ile ndogo. Sukuma kete zote kwa viganja viwili mpaka zigande. Usiseme kitu. Thucydides anawaeleza waliobaki pwani wakiinama na kuyumba miili yao kufuata vita, wengine wakipiga kelele za ushindi na wengine za kilio kwa wakati mmoja, kwa kuwa kila mtu alikuwa anaona kipande chake tu.

Baada ya kushindwa walikuwa bado na meli zipatazo 60, zaidi ya adui, lakini mabaharia walikataa kuzipanda tena. Wakaamua kutoka kwa miguu. Hermocrates wa Syracuse alituma watu waliojifanya marafiki wakawaonya wasitoke usiku ule kwa kuwa njia zimeshikwa, nao wakaamini, na kwa kucheleweshwa huko njia zikashikwa kweli. Kundi la watu kama 40,000 likaanza kutembea, likiwaacha wagonjwa waliokuwa wakiwashika wenzao miguu. Demosthenes na watu 6,000 walisalimu amri. Watu wa Nicias walifika mto Assinarus wakiwa na kiu, wakajitupa ndani wote kwa pamoja, na walipokuwa wakiuawa humo waliendelea kuyanywa maji yaliyochanganyika tope na damu, wakiyagombania.

Majemadari wote wawili waliuawa ingawa Gylippus alitaka kuwapeleka Sparta. Mateka si chini ya 7,000 walitiwa katika machimbo ya mawe, juani mchana na baridini usiku, maiti zikirundikana, kwa kikombe kimoja cha maji na viwili vya nafaka kwa siku. Baada ya siku 70 wengi waliuzwa, ila Waathene na wenzao wachache walikaa humo miezi minane. Plutarch anasimulia kwamba habari ilifika Piraeus kwa mgeni aliyeketi kunyolewa akaanza kuizungumza kama jambo linalojulikana, kinyozi akakimbia mjini kuieleza, na akateswa kama mzushi mpaka wajumbe wengine walipofika.

Acha robo saa ya maswali. Lile linalokuja kila mara ni hili: baada ya haya, Athene iliwezaje kupigana miaka mingine tisa? Eleza kwamba waliteua wazee kumi wa kutoa ushauri, wakatafuta mbao, wakaunda meli upya, na mwaka uliofuata wakafungua akiba ya talanta 1,000 ambayo hapo awali ilikuwa kosa la kifo hata kupendekeza itumike. Kwa jibu hilo utahitaji kipande cha uzi mweusi, kwa hiyo usikitumie chote mkekani. Kivute kutoka Athene hadi Piraeus, kiwe zile Kuta Ndefu zilizouunganisha mji na bandari yake, kisha kiondoe: mwaka 404 KK zilibomolewa kwa amri ya Sparta, huku wanawake wakipiga filimbi.